Washenga Wawili wa Kompyuta

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari ya chombo cha angani kilichopotea kwa sababu ya namba.

Desemba 1998, Marekani ilirusha chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kwenda kuchunguza hali ya hewa ya sayari ya Mirihi. Kilisafiri zaidi ya miezi tisa. Kila kilipowasha injini zake ndogo, programu moja huku duniani ilipiga hesabu ya msukumo na kuuandika katika faili. Programu ya pili ililisoma faili hilo ili kukadiria chombo kiko wapi. Ya kwanza iliandika kwa pauni na sekunde. Ya pili ikasoma namba zile zile kana kwamba ni newton na sekunde. Pauni moja ya nguvu ni karibu newton 4.45, kwa hiyo kila msukumo ulihesabiwa kuwa mdogo zaidi ya mara nne kuliko ulivyokuwa. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kiliifikia Mirihi kikiwa kilomita 57 tu juu ya uso wake, badala ya 226 zilizokusudiwa. Hakikusikika tena.

Linalouma zaidi ni kwamba makubaliano yalikuwepo. Waraka ulioeleza faili lile ulitaka newton, tena kwa maandishi. Lakini waraka wa kusomwa na watu haumzuii mtu kuandika kinyume chake. Na kila programu mbili zinapozungumza, iwe ni simu yako inayouliza salio au duka la mtandaoni linalopokea malipo, swali huwa ni hilo hilo: nani atahakikisha pande zote mbili zinashika neno moja?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maabara ya Xerox PARC kule Palo Alto, California, Andrew Birrell na Bruce Nelson walitafuta njia ya programu katika kompyuta moja kuomba kazi kwa kompyuta nyingine, kwa wepesi ule ule wa kuiomba kwa jirani yake wa ndani. Walijua kwamba msimbo wa kufungasha ombi, kulituma na kulifungua upande wa pili unachosha kuuandika, na kazi ya kuchosha huzaa makosa. Kwa hiyo ikatengenezwa programu iliyoitwa Lupine. Mtu aliandika kiolesura tu: kazi zipi zinaweza kuombwa, kila moja inahitaji nini na inarudisha nini. Lupine ilikisoma kisha ikatunga yenyewe vipande viwili vya msimbo, kimoja cha upande wa mwombaji na kingine cha upande wa mtendaji.

Vipande hivyo ni washenga. Mwombaji humweleza mshenga wake haja yake. Mshenga huipanga kwa namna iliyokubaliwa, humfikishia mwenzake wa upande wa pili, naye huiwasilisha kwa mtendaji. Jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Na kwa kuwa wote wawili wamezaliwa na andiko moja, kauli zao hazipishani.

Birrell na Nelson walichapisha maelezo ya kazi yao mwaka 1984, na wazo lao likaenea. Mwaka 2000 lilikuja WSDL, andiko la kueleza huduma za wavuti, pamoja na programu za kulisoma na kuzalisha msimbo wa kuziita huduma hizo. Mwaka 2008 Google waliwafungulia watu wote Protocol Buffers, chombo walichokuwa wakikitumia wenyewe kwa miaka kadhaa. Hebu tukitazame kwa karibu. Kiini cha faili lake kinaweza kuwa kifupi hivi:

message Mwanafunzi {
  string jina = 1;
}

Maana yake: mwanafunzi ana jina, jina ni maandishi, na namba yake ni 1. Programu iitwayo protoc hulisoma faili hili na kukuandikia msimbo wa Java, Python, C++ au lugha nyingine. Sasa tuma jina la Asha. Zitakazosafiri ni baiti sita tu: 10, 4, 65, 115, 104, 97. Nne za mwisho ni herufi A, s, h, a. Ile 4 ni idadi ya baiti za jina. Na 10 imetoka wapi? Chukua namba ya jina, 1, zidisha kwa 8, ongeza 2, ambayo ni alama ya kitu kinachotanguliwa na urefu wake. Neno “jina” lenyewe halisafiri. Inayosafiri ni namba.

Kwa hiyo ukilibadilisha “jina” liwe “jina_kamili”, simu yenye msimbo wa zamani itaendelea kuzisoma baiti hizo sawasawa. Lakini ukiichukua namba 1 ukaipa mtaa anakoishi, simu hiyo itaonyesha mtaa mahali pa jina, bila kulalamika. Ndiyo maana namba iliyokwisha kutumika haipewi kitu kingine kamwe, hata kama kile cha kwanza kimefutwa.

Je, haya yangekiokoa chombo cha Mirihi? Peke yake, hapana. Kwa mashine, namba ni namba. Washenga wangeifikisha salama ikiwa na kipimo kibaya. Lakini kama kwenye faili msukumo ungeitwa “msukumo_newton_sekunde”, jina hilo lingeingia katika msimbo wa pande zote mbili, na kila mwandishi wa programu angelazimika kuliandika kwa mkono wake. Mashine hutekeleza tulichokubaliana. Kukubaliana ni kazi yetu.

Basi siku mtakapounda programu na wenzenu, anzeni na faili la kiolesura. Kaeni pamoja, bishaneni juu ya kila jina, kila kipimo na kila namba, mpaka mkubaliane. Kisha iacheni mashine iandike washenga. Msimbo iliouandika msiuguse kwa mkono, maana ukizalishwa upya marekebisho yenu yatafutika. Likibadilika jambo, libadilisheni kwenye faili mkiwa pamoja, na pande zote zizalishe upya kutoka humo.