Tundu la Kupumulia Shingoni: Upasuaji Wake na Matunzo ya Mrija Nyumbani

Mwananchi anapomwona jirani aliyerejea kutoka hospitalini akiwa na mrija mdogo shingoni, huenda akadhani kwamba mgonjwa huyo amekatwa koo na hana muda mrefu wa kuishi. Dhana hiyo si sahihi. Mrija huo ndio unaompa pumzi, na wagonjwa wengi huondolewa pindi tatizo lililousababisha linapokwisha. Hata hivyo, akiwa nyumbani usalama wake umo mikononi mwa ndugu zake, kwa kuwa mrija ulioziba unaweza kuua kwa dakika chache.

Upasuaji wenyewe

Upasuaji huu huitwa trakeostomia. Daktari hufungua tundu sehemu ya mbele ya shingo, chini ya zoloto, hadi kwenye njia kuu ya hewa, kisha huingiza mrija. Hewa hufika mapafuni bila kupitia puani wala mdomoni. Hufanyika pale njia ya juu inapozibwa na uvimbe, jeraha la ajali, kuungua au maambukizi, au mgonjwa mahututi anapohitaji mashine ya kupumulia kwa muda mrefu.

Katika karne ya 19, daktari Armand Trousseau wa Ufaransa aliutumia upasuaji huu kuwaokoa watoto waliokabwa na dondakoo. Leo ugonjwa huo huzuiwa kwa chanjo inayotolewa kliniki mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14.

Kwa nini mrija huziba

Pua huchuja vumbi, huipasha hewa joto na kuipa unyevu. Apumuaye kwa mrija hukosa huduma hiyo. Makohozi yake huwa mazito, hukauka na kuziba mrija. Hatari huongezeka wakati wa kiangazi, vumbi linapotanda, na katika jiko lenye moshi wa kuni au mkaa.

Matunzo ya kila siku

1. Mtunzaji anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mrija.
2. Mrija wa ndani utolewe na kusafishwa angalau mara mbili kwa siku, na zaidi makohozi yakiwa mengi. Mrija wa nje usitolewe na mtu asiyefundishwa.
3. Makohozi yafyonzwe kwa kifaa na kipimo kilichoelekezwa hospitalini. Kila mfyonzo usizidi sekunde 10 hadi 15, ili mgonjwa asikose hewa.
4. Ngozi inayozunguka tundu isafishwe na kukaushwa. Mkanda wa shingoni ubane kiasi cha kuruhusu kidole kimoja kupita.
5. Tundu lifunikwe kwa kitambaa chepesi, safi na chenye unyevu, kisichozuia hewa. Pamba isitumike, kwa sababu nyuzi zake huweza kuvutwa ndani.
6. Mgonjwa aoge bila maji kufika shingoni, na asiogelee kamwe.

Mgonjwa huweza kupoteza sauti, kwa kuwa hewa haipiti tena kwenye nyuzi za sauti. Apewe daftari na kalamu, pamoja na kengele ya kuita usiku.

Wakati wa dharura

Mgonjwa akihangaika kupumua, mrija wa ndani utolewe mara moja na makohozi yafyonzwe. Asipopata nafuu, akimbizwe kituo cha afya kilicho karibu. Mrija wote ukichomoka, tundu lisizibwe. Aliyefundishwa arudishe mrija wa akiba, na safari ya hospitali ianze bila kuchelewa. Damu, homa, makohozi yenye harufu mbaya au chakula kutokea kwenye mrija ni dalili za kumwona daktari siku hiyohiyo.

Kabla ya kuruhusiwa

Mkazi wa Misunkumilo huweza kupewa rufaa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi kwenda hospitali ya kanda, kama vile Bugando mjini Mwanza, mamia ya kilomita kutoka Mpanda. Hivyo, kabla ya kurejea, ndugu wawili wasafishe na kufyonza mrija kwa mikono yao mbele ya muuguzi, mpaka aridhike. Waondoke na mrija wa akiba wa kipimo kilekile na mwingine mdogo zaidi, tarehe ya kurudi, na barua ya maelezo kwa kituo cha afya cha karibu. Mtunzaji mmoja hatoshi, kwani naye hulala.