Bei iko kibaoni, mafuta yako wapi?

Agosti 2011 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilitangaza jambo ambalo wananchi walikuwa wakililia kwa miezi: petroli ishuke kwa zaidi ya Shilingi 200 kwa lita, na dizeli na mafuta ya taa yashuke pia. Furaha haikumaliza hata wiki. Sheli za Dar es Salaam, kisha za mikoani, zikaanza kufunga pampu moja baada ya nyingine. Madereva walizunguka mji na taa ya mafuta ikiwaka kwenye dashibodi, vijana wa bodaboda wakashinda foleni badala ya kubeba abiria, na pembeni ya barabara wakatokea wauzaji wa madumu waliopanga bei kadiri ya shida ya mnunuzi.

Bunge lilikuwa Dodoma kwenye mkutano wa bajeti, na suala la mafuta likameza mjadala. Serikali ikazipa kampuni saa 24 ziwe zimeanza kuuza. Siku chache baadaye EWURA ikaizuia BP Tanzania kufanya biashara ya jumla ya mafuta kwa miezi mitatu, adhabu nzito kwa kampuni ambayo wakati huo nusu ya hisa zake zilikuwa za Serikali yenyewe. Kisha, katikati ya mwezi uleule, zikatangazwa bei mpya, na safari hii petroli ilipanda kwa takriban Shilingi 100 kwa lita. Mafuta yakarudi kwenye pampu.

Miaka mingi imepita, lakini ugomvi ule haujaisha, na kila uhaba unapotokea unaibuka upya kwa maneno yaleyale. Upande mmoja unasema wafanyabiashara walihujumu wananchi, kwa hiyo sheria ikazwe zaidi. Upande mwingine unasema Serikali ilijitakia: ukimlazimisha mtu auze kwa hasara mzigo alionunua kwa bei ya juu, usishangae akifunga duka. Naamini tumekuwa tukibishana juu ya kibao cha bei, wakati swali lenye uzito ni mafuta kiasi gani yamo nchini siku ambayo meli inachelewa.

Sisi Tanzania hatuna sheria ya kuzuia ulanguzi inayofanya kazi wakati wa dharura tu. Tangu 2009 EWURA hutangaza bei kikomo, nayo hubana mwaka mzima, kuwe na dharura au kusiwe. Hukokotolewa kwa kanuni: bei ya soko la dunia, gharama za meli na bima, thamani ya shilingi mbele ya dola, kodi na tozo, gharama za bandari, faida ya muuzaji wa jumla na ya rejareja, na usafiri hadi mkoani. Siku hizi tangazo hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kenya nayo ina utaratibu unaofanana tangu mwisho wa 2010. Mamlaka yao, EPRA, hutangaza tarehe 14.

Marekani njia ni nyingine. Bei ya mafuta kwa kawaida iko huru, isipokuwa wakati wa dharura. Hapo ndipo sheria za majimbo za kuzuia ulanguzi huamka. Jimbo la New York lilianza 1979, baada ya majira ya baridi ambayo mafuta ya kupashia nyumba joto yalipanda bei kwa kasi, na leo zaidi ya nusu ya majimbo yana sheria za namna hiyo. Florida, kwa mfano, hulinganisha bei ya siku ya kimbunga na wastani wa siku 30 zilizotangulia. Muuzaji aliyeipandisha kupita kiasi bila gharama zake kupanda hujibu mbele ya sheria. Mei 2022, bei zilipopaa kwa sababu ya vita vya Ukraine, Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuweka kanuni ya namna hiyo kwa mafuta ya taifa zima, kwa kura 217 dhidi ya 207. Haukupita Seneti.

Wanaozipinga sheria hizo wana hoja inayostahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema bei kubwa wakati wa janga hufanya kazi mbili: humfanya mwenye gari achukue lita tano badala ya kujaza tangi, na humvuta mwenye lori aliye mbali alete mzigo kule kwenye shida. Ikandamize bei hiyo, wa kwanza kwenye foleni atajaza tangi na madumu manne juu yake, wa mwisho atakuta pampu imekauka, na hakuna lori litakalohangaika kuja.

Hoja hiyo tuipime kwa jirani yetu. Uganda iliachia bei ya mafuta tangu miaka ya 1990. Hakuna bei kikomo kule. Januari 2022 madereva wa malori waligoma kwenye mipaka ya Malaba na Busia wakipinga malipo na ulazima wa kupima UVIKO-19 kila wanapovuka. Misururu ya malori ikalala upande wa Kenya. Nchini Uganda petroli iliyokuwa karibu Shilingi 4,500 za nchi hiyo ikavuka 10,000 katika baadhi ya miji. Hapo bei ilikuwa huru kabisa, na ilipanda kwa kadiri ambayo kitabu chochote cha uchumi kingetaka. Haikusogeza lori hata moja. Kilichoyasogeza ni kulegezwa kwa masharti ya vipimo mpakani. Katika siku zile za katikati, bei mara mbili ilichofanya ni kuamua nani atembee na nani akae nyumbani, na iliamua kwa unene wa mfuko. Mwenye gari la starehe alipata. Mwenye pikipiki anayempeleka mama mjamzito kituo cha afya hakupata.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba bei iachiwe tu. Janga la siku tano au kumi haliwapi wafanyabiashara muda wa kuleta shehena mpya. Meli iliyoagizwa leo kutoka Ghuba haifiki kesho. Kwa hiyo ile faida inayovunwa katika siku hizo haina inacholeta; ni ushuru anaotozwa aliyebanwa.

Lakini turudi upande wa pili, maana Kenya ya Aprili 2022 inatufundisha jambo ambalo wenye mamlaka hawapendi kulisikia. Serikali ilikuwa imeshikilia bei chini ya gharama halisi kwa ruzuku: kampuni ziuze kwa bei iliyotangazwa, na pengo zilipwe kutoka mfuko unaochangiwa na tozo ya kila lita. Vita vilipozuka Ukraine, pengo likawa shimo. Malipo yakachelewa, madeni yakafika mabilioni. Nakuru, Eldoret, Nairobi, foleni zikaingia barabarani. Baadhi ya vituo viliweka kikomo cha kila gari, na mitaani lita ikauzwa kwa zaidi ya Shilingi 200 za Kenya, wakati bei halali ya Nairobi ilikuwa chini ya 135. Serikali ilizituhumu kampuni kuficha mafuta na kupendelea kuyapeleka nchi jirani ambako bei haikubanwa. Mkuu wa kampuni ya Rubis nchini humo, Jean-Christian Bergeron, alifutiwa kibali cha kazi na kuondolewa nchini. Tarehe 14 Aprili bei ya petroli ya Nairobi ikapandishwa kwa Shilingi 9.90 hadi 144.62.

Huenda kulikuwa na walioficha kwa tamaa. Sina shaka walikuwapo. Ila Serikali inayodaiwa miezi kadhaa haina uso wa kumwambia mdai wake auze kwa hasara. Ruzuku isiyolipwa ni amri ya kuuza kwa hasara, na amri ya namna hiyo hatimaye humfikia mnunuzi wa mwisho kabisa, yule wa dumu la lita moja.

Wazee wetu wameyaona haya kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, Tanzania iliendesha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Bidhaa zilizokuwa zimefichwa zilitupwa usiku mitoni na vichakani, wenye nazo wakihofia kukamatwa. Sheria maalumu ilitungwa. Watuhumiwa walipelekwa mbele ya mahakama maalumu bila dhamana na bila wakili, na mwaka uliofuata ilibidi sheria hiyo ibadilishwe. Nia ya Sokoine naiheshimu. Wengi wanamkumbuka kwa uadilifu wake hadi leo. Hata hivyo msako ule ulifichua magunia yaliyokuwa yamefichwa, haukuzalisha magunia mapya. Sabuni, sukari na nguo viliendelea kuwa haba.

Zama hizohizo za uhaba kulikuwa na hatua nyingine ambayo leo haitajwi sana: magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ilikera. Lakini iliwagusa wote waliokuwa na gari, haikutegemea nani ana pesa ya kuongeza, na haikumfanya mwenye sheli kuwa mhalifu. Katika dharura ya kweli, mgawo uliotangazwa hadharani ni wa haki kuliko bei iliyoachiwa, na unatekelezeka kuliko bei iliyokandamizwa. Lita kumi kwa gari, tatu kwa pikipiki, hospitali na magari ya wagonjwa kwanza. Hilo kila mhudumu wa pampu anaweza kulisimamia na kila aliye kwenye foleni anaweza kuliona likivunjwa.

Uhaba wa mafuta uliotukumba katikati ya 2023 ulionyesha mahali sheria yetu inapoumiza pasipostahili. Dola ilikuwa adimu, waagizaji wakahangaika kulipia mizigo, na baadhi ya vituo vikakutwa na mafuta tangini huku vikiwaambia wateja hakuna. EWURA ilivifungia vituo kadhaa kwa miezi sita. Kuadhibu ilikuwa sahihi. Anayeficha mafuta akisubiri bei ya mwezi ujao anawaibia watu muda na riziki. Lakini fikiria mji mdogo wenye sheli moja au mbili. Ukiifunga kwa miezi sita, mwenye nayo atapata hasara, na wakazi watarudi kwenye madumu ya barabarani kwa miezi sita hiyohiyo. Afadhali faini ya kumfilisi mkosaji, na pampu zikabidhiwe mwendeshaji mwingine kwa muda chini ya usimamizi wa Mamlaka. Adhabu imfuate mtu, pampu iendelee kuhudumia.

Tena, tusiishie sheli za pembezoni. Mwenye kituo cha pampu mbili hununua kwa mwenye ghala. Akinyimwa mzigo kwenye maghala ya Kurasini, Dar es Salaam, hana cha kuficha wala cha kuuza, lakini ndiye anayeonekana na ndiye anayetukanwa. Tangu uagizaji wa mafuta kwa pamoja uanze 2012, taarifa za meli ipi imeingia na nani ana lita ngapi zinajulikana na wanaohusika. Ukaguzi wa dharura uanzie kwenye maghala hayo makubwa, saa ileile uvumi unapoanza, kabla ya polisi kutumwa kwenye sheli ya kijijini.

Tatizo kubwa kuliko yote ni akiba. Kanuni zinazitaka kampuni ziwe na mafuta ya kutosha siku 15. Hifadhi ya kimkakati ya taifa nayo imezungumzwa kwa miaka mingi, na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, ndilo lililotarajiwa kuibeba. Uganda ilijenga matangi Jinja yenye uwezo wa lita milioni 30, lakini Januari ile ya 2022 akiba iliyokuwemo haikuzuia bei kuruka, maana tangi lisilojazwa ni chuma tu. Nchi yenye mafuta ya mwezi mzima kwenye hifadhi yake haina haja ya kuwatishia wafanyabiashara kwa saa 24. Inafungua mabomba. Anayeficha anaona bei inashuka mikononi mwake, naye anatoa mzigo bila kusukumwa.

Hifadhi hiyo ina gharama, na gharama hiyo itaingia kwenye bei ya kila lita. Tuambiwe ukweli huo bila kufichwa. Binafsi ningelipa shilingi chache za ziada siku za amani, nikijua siku ya tufani au vita vya mbali daladala zitatembea na jenereta ya zahanati itawaka. Naamini wengi wangekubali, mradi fedha hiyo isichanganywe na mifuko mingine na kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aeleze iko wapi.

Bei kikomo nayo ibaki, ila ipewe mlango wa dharura. Soko la dunia likiruka au shilingi ikianguka ghafla katikati ya mwezi, Mamlaka iwe na wajibu wa kurekebisha bei ndani ya siku chache, kwa kupanda na kwa kushuka, badala ya kusubiri Jumatano ya kwanza huku wenye maghala wakicheza na kalenda. Na Serikali ikiamua kutoa ruzuku, kama ilivyotoa Shilingi bilioni 100 Juni 2022, fedha iwe imetengwa kabla ya bei kutangazwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge, hasa wa Kamati ya Nishati na Madini: msisubiri foleni nyingine ndipo muulize maswali. Katika mkutano ujao wa Bunge, daini taarifa ya wazi ya akiba ya mafuta iliyopo nchini, ghala kwa ghala, imetajwa kwa siku inazoweza kuhudumia, na itangazwe kwa wananchi kila mwezi pamoja na bei.