Ukiita "Juma", nani ataitika?

Nilipoanza masomo ya uzamili niliandika programu ndogo ya kurusha dadu. Faili nikaliita random.py. Mstari wa kwanza: import random. Wa pili: print(random.randint(1, 6)). Nikaendesha, Python ikaniambia eti moduli random haina kitu kinachoitwa randint. Nikafuta Python, nikaisakinisha upya. Wapi! Jioni nzima ikaisha hivyo.

Hebu fikiria uko nyumbani, unaita "Juma!" Mtaani kina Juma wako kibao, lakini ataitika aliye karibu. Python nayo hutafuta moduli nyingi namna hiyo. Ina orodha ya folda, na ya kwanza ni folda ya faili unaloendesha. Ikikuta jina, inaishia hapo. Kwa hiyo programu yangu ilijiita yenyewe, na ile random inayokuja na Python haikufikiwa.

Unaona sasa kwamba neno import linabeba swali zito: jina hili ni la nani? Anayebuni lugha ya programu lazima alijibu.

Python 2 ililijibu vibaya. Faili likiwa ndani ya kifurushi, import string ilianza kutafuta kwa majirani wa folda hiyohiyo, kimyakimya. Ukisoma mstari huo hukuweza kujua ni string ipi mpaka ufungue folda. Na jirani mwenye jina hilo akiwepo, kuifikia string ya Python yenyewe ilikuwa kazi.

Mwaka 2003 likaandikwa pendekezo, PEP 328, na dawa yake ilikuwa nukta. Ukiandika from . import string, unasema "Juma wa hapa kwetu". Nukta mbili ni folda ya juu yake. Bila nukta, majirani wa kifurushi hawaulizwi. Python 2.5 ya 2006 ilianza kuikubali nukta hiyo, na Python 3.0 ya 2008 ikaufanya utaratibu huu kuwa sheria.

Utauliza, kwa nini tusiandike tu import .string? Ni kwa sababu ukiandika import a.b, baadaye unaitumia kwa jina hilohilo, a.b. Sasa .string utaitumiaje katikati ya hesabu? Haiwezi kuwa jina. Ndiyo maana nukta hukaa baada ya from tu.

Kuna mtego mwingine: nyota. Andika from math import *, kisha from cmath import *. Zote mbili zina sqrt, na ya pili inaifuta ya kwanza bila kukuonya. Ukiomba sqrt(-1), badala ya kupata kosa unapewa 1j, namba changamano. Hesabu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na hilo ndilo la kuogopa.

Je, nukta ingeniokoa mimi? Hapana, kwa sababu folda ya faili unaloendesha bado ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Ila Python 3.13, iliyotoka 2024, walau inakudokeza ubadilishe jina la faili.

Kwa hiyo siku moduli ikikugomea, kabla hujafuta chochote, weka print(random.__file__) chini ya import. Itakuonyesha Juma aliyeitika anakaa wapi.