Chumba bila dirisha, zahanati bila kipimo: Kifua kikuu na wajibu wa viongozi

 

Safu hii imezoea kuzungumzia usafi ulio mikononi mwa kila mmoja wetu: udhu, josho, vyombo vya kulia, choo na maji ya kunywa. Leo tunazungumzia usafi ambao mtu mmoja peke yake hauwezi, hata awe mcha Mungu namna gani. Ni usafi wa hewa ya chumba anacholala pamoja na watoto wake, na huduma anayoikuta zahanati pale anapoanza kukohoa. Mambo haya mawili yanakutana katika ugonjwa mmoja, nao ni kifua kikuu.

Ugonjwa unaopenda chumba kilichofungwa

Kifua kikuu husababishwa na vijidudu ambavyo Mjerumani Robert Koch alivitambulisha kwa ulimwengu tarehe 24 Machi 1882. Havirithiwi, haviletwi na uchawi, wala havitokani na kula sahani moja na mgonjwa. Vinasafiri hewani. Mgonjwa wa mapafu asiyetibiwa anapokohoa, kupiga chafya au kuongea kwa nguvu, hutoa vijidudu hivyo, na anayevuta hewa hiyo kwa muda mrefu anaweza kuambukizwa. Inakadiriwa kuwa mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka.

Tazama sasa neno hilo: kwa muda mrefu. Mtu unayepishana naye sokoni Kiboriloni si wa kuogopwa sana. Hatari kubwa ni kwa yule mnayelala naye chumba kimoja usiku kucha, dirisha likiwa limefungwa au halipo kabisa. Mwanga wa jua huua vijidudu hivi na upepo huvitawanya. Chumba chenye giza na hewa iliyosimama huvihifadhi.

Watu wa mkoa wa Kilimanjaro wana ushahidi wa jambo hili karibu nao. Hospitali ya Kibong'oto, iliyopo wilaya ya Siha upande wa magharibi wa mlima, ilianzishwa mwaka 1926 ikiwa mahali pa kuwaweka wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo dawa za kuua vijidudu hivi hazikuwepo duniani. Tiba iliyojulikana ilikuwa mapumziko, chakula bora, jua na hewa safi ya mlimani. Leo Kibong'oto ni hospitali maalumu ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza, na mwaka 2009 ndiko yalikoanzia matibabu ya kifua kikuu sugu hapa nchini. Ni ajabu basi kwamba karne moja baadaye, chini ya mlima huo huo, wapo wanaojenga na kupangisha vyumba visivyopata jua wala hewa.

Mji msafi, vyumba je?

Moshi imesifika kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa miji misafi Tanzania. Barabara zinafagiwa, na anayetupa taka ovyo hutozwa faini. Hilo ni jambo la kumshukuru Allah na kuwapongeza waliolisimamia. Lakini usafi wa mji haupimwi kwa barabara tu. Ingia uani katika mitaa ya wapangaji ya Pasua, Njoro, Kaloleni au Majengo. Utakuta nyumba ambazo nyuma yake pameongezwa vyumba kimoja baada ya kingine mpaka ukuta wa jirani. Chumba cha katikati hakina pa kuweka dirisha, na kama lipo basi linatazama ukuta. Humo hulala baba, mama na watoto watatu au wanne, jiko la mkaa likiwa mlangoni.

Familia haiishi hivyo kwa kupenda. Inaishi hivyo kwa sababu ndicho chumba inachokimudu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, ili watu wa kipato cha chini nao wapate makazi bora. Miaka mingi imepita, na mama lishe au kijana wa mkokoteni bado hazifikii nyumba zinazoitwa za gharama nafuu. Sheria iliyodhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji, na katika mapatano hayo mwenye njaa hana sauti.

Huku juu milimani, Machame, Kibosho, Uru, Kilema na Marangu, sababu ni nyingine ingawa hatari ni ile ile. Baridi ya Juni na Julai huwafanya watu wafunge kila tundu, na moshi wa kuni hujaa ndani. Pia ng'ombe wa maziwa hufugwa karibu kabisa na nyumba. Ikumbukwe kuwa ipo aina ya kifua kikuu inayotoka kwa ng'ombe kupitia maziwa mabichi. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa.

Hapa tuseme na ndugu zetu wenye nyumba za kupangisha, kwani wengi wao tunasimama nao safu moja msikitini. Kodi ni halali yako. Lakini dini yetu inakataza kudhuru na kudhuriana. Tofali chache ukizitoa ukaweka dirisha la kupitisha upepo hutapungukiwa na kitu, na huenda ukawa umeokoa roho. Dirisha hilo lihesabu kuwa sadaka yako.

Nani anawajibika kwa lipi?

Kosa la wengi wetu ni kulalamika kwa jumla: "Serikali haijali." Lalamiko la namna hiyo halina mlango wa kuingilia. Uongozi ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Lakini ili tumuulize, lazima tumjue ni nani na amekabidhiwa nini.

Majengo ya mjini yako chini ya Halmashauri ya Manispaa. Ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi, na ndiyo yenye maafisa mipango miji na wahandisi wa kuona kama kilichojengwa kinafanana na ramani iliyopitishwa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya, ambaye wengi tunamwita Bwana Afya, mamlaka ya kukagua majengo na kuamuru kero iondolewe. Basi Bwana Afya anayepita kukagua vyoo na migahawa, aombwe pia akague vyumba vya kupanga. Ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba ukishindikana mtaani, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya za serikali ziko chini ya halmashauri zao, yaani Manispaa ya Moshi, Wilaya ya Moshi, Hai, Siha, Rombo na nyinginezo. Anayejibu kwa wananchi ni mkurugenzi na mganga mkuu wa halmashauri, na anayewabana ni diwani wako. Hospitali ya Mawenzi, kwa kuwa ni ya rufaa ya mkoa, mambo yake ni tofauti. Kufuatia tangazo la Rais John Magufuli la Novemba 2017, hospitali za rufaa za mikoa zilitolewa TAMISEMI zikawekwa chini ya Wizara ya Afya. Kwa hiyo ukimbana diwani kuhusu Mawenzi unamuuliza asiyeishika. Muulize mbunge, naye amuulize Waziri bungeni.

KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda inayomilikiwa na taasisi ya Kikristo, lakini inapokea ruzuku ya serikali. Hospitali za Machame, Kibosho, Kilema na Huruma kule Rombo nazo ni za makanisa, nazo zimewahudumia watu wa dini zote. Tunawashukuru kwa hilo. Hata hivyo, serikali inapoingia mkataba na hospitali ya shirika la dini ili itoe huduma kwa niaba yake, wajibu haujahama. Mgonjwa akikosa huduma iliyomo katika mkataba huo, halmashauri iliyoweka saini ndiyo ya kuulizwa.

Maswali ya kuuliza

Matibabu ya kifua kikuu nchini hutolewa bure. Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, na njia iliyotumika hapa, akishiriki Dk. Karel Styblo, baadaye iliigwa na nchi nyingi duniani. Hii ni fahari yetu. Lakini dawa ya bure haimsaidii ambaye hajapimwa. Mgonjwa wa Kahe au wa Tarakea anayeambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu mtaalamu hayupo, nauli ikimshinda hatarudi. Atabaki nyumbani akikohoa na wanawe.

Basi katika mkutano wa kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, au mkutano wa mtaa wako, simama kwa adabu uulize haya. Je, zahanati yetu inachukua makohozi na kuyapeleka kwenye mashine ya kupimia, au inamtuma mgonjwa mwenyewe? Majibu yanachukua siku ngapi? Nani anawafuatilia waliolala chumba kimoja na mgonjwa, hasa watoto wa chini ya miaka mitano? Wajumbe wa kamati ya kituo chetu cha afya ni akina nani, na walikutana lini mara ya mwisho? Fedha za kituo zimetumikaje?

Usipojibiwa, andika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Tena usisahau ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, inayowekwa hadharani kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni. Humo hesabu za halmashauri hukaguliwa.

Swali la fedha ni zito zaidi sasa. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kwa miaka mingi bajeti yetu imekuwa chini ya kiwango hicho, na pengo limezibwa na wafadhili. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, ikiwemo ya afya, na wengi wakaona jinsi ilivyo hatari kutegemea mfuko wa mwingine. Waislamu wa zamani walilijua hilo. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 1284, iliwatibu matajiri na masikini bila malipo, kwa mapato ya wakfu uliowekwa kwa kazi hiyo tu. Naye Sayyidna Umar (RA), alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, aliwashauri Muhajirina, Answari na wazee wa Makuraishi, kisha akarudi na watu wake. Hakusema ni qadari akawatosa. Aliyaona maisha ya raia kuwa ni dhima yake.

Yetu sisi nyumbani

Kudai haki hakutuondolei wajibu. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi usiku, kupungua uzito au makohozi yenye damu, aende akapime. Akohoe akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa, kwani hata katika chafya Mtume (SAW) alikuwa akifunika uso. Madirisha yafunguliwe asubuhi, ya nyumba, ya madrasa na ya msikiti. Mtoto apate chanjo ya kifua kikuu anapozaliwa.

Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Mgonjwa hupata nafuu ndani ya wiki chache, na hapo ndipo wengi huacha dawa, ugonjwa ukarudi ukiwa sugu. Mkojo kuwa na rangi ya machungwa si damu, ni rangi ya dawa. Ramadhani ikiingia, usiache dawa hata siku moja. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye. Muulize daktari kwanza, kisha shekhe wako.

Na jirani akiugua, tusimtenge. Tumpelekee chakula, tumchangie nauli ya kliniki, kisha twende pamoja kwenye mkutano wa mtaa tukaulize kwa nini chumba chake hakina dirisha.

Wabillahi tawfiq.