Breki za Diski Zinazokwaruza na Namna ya Kuzirekebisha

Ndugu zetu mnaosafiri kwa baiskeli kati ya Juba na mipakani, tumeona ni vyema kulizungumzia jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa kero tu: breki ya hidroliki inayokwaruza diski. Katika barabara ya Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, baiskeli hupishana na malori ya mizigo. Anayechoshwa na mkwaruzo akang'oa pedi hukabili miteremko kwa breki moja.

Inueni gurudumu, lizungusheni, msikilize. Sauti isiyokatika huonyesha kwamba kaliperi imeegemea upande mmoja. Sauti inayokuja na kupotea kila mzunguko huonyesha diski iliyopinda. Kabla ya kugusa boliti yoyote, hakikisheni ekseli imekaa sawasawa, kwani mara nyingine kasoro yote ni hiyo.

Kaliperi ikiwa imehama, legezeni boliti mbili zinazoishikilia, aghalabu kwa spana ya L ya milimita 5. Bonyezeni mkono wa breki na, hali mmeushikilia, kazeni boliti hizo kwa zamu, kidogo kidogo. Diski iliyopinda hunyooshwa taratibu kwa spana safi ikiwa imepoa. Ikiwa ya moto huunguza vidole.

Vumbi letu la kiangazi nalo hugandisha pistoni. Ondoeni gurudumu na pedi, futeni pistoni kwa kitambaa safi chenye spiriti, kisha zirudisheni ndani kwa kipande bapa cha plastiki. Bisibisi huweza kuzivunja. Gurudumu likiwa nje, msibonyeze mkono wa breki.

Tuseme wazi kuhusu mazoea ya kupaka diski mafuta ili kelele iishe: kelele huisha, na breki huisha pamoja nayo. Pedi zilizolowa mafuta zibadilishwe, na diski isafishwe kwa spiriti. Hata mafuta ya ndani ya breki hayafanani; Shimano hutumia mafuta ya madini, ilhali breki nyingine hutumia DOT, na kuyachanganya huharibu mipira ya ndani.

Kazi ikiisha, jaribuni breki kwa mwendo wa polepole mahali pasipo na magari. Mnaovuka kwenda Elegu, kumbukeni pia kwamba huku kwetu tunaendesha upande wa kulia, na Uganda ni kushoto.