Utando Mgumu wa Kaboni Juu ya Chuma

Mnyororo wa baisikeli ukikosa mafuta, chuma husugua chuma, na vyote viwili hulika. Leo twataka kueleza kinga nyingine ya kulika huko, nayo ni utando wa kaboni, ulio karibu na almasi kwa ugumu. Hutiwa juu ya vipande vya injini za motokaa, na hata juu ya nyembe. Katika injini unene wake ni kama sehemu 1 hadi 3 za 1,000 za milimita; unywele wa mtu ni mnene kuupita mara nyingi.

Almasi na ule weusi wa kalamu ya risasi, uitwao grafiti, ni kaboni zote mbili. Katika almasi kila chembe imeshikwa na wenzake wanne. Katika grafiti imeshikwa na watatu, kwa matabaka yatelezayo. Utando huu umechanganya namna zote mbili.

Aina zake ni nyingi, twalinganisha mbili. Utando wa kwanza una haidrojeni ndani yake, nao hufanywa kwa kuvunja gesi kama methani kwa umeme, ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Wa pili hauna haidrojeni: kaboni tupu hurushwa kutoka kipande cha grafiti kwa nguvu ya umeme. Huu wa pili ni mgumu zaidi, tena wastahimili joto kuliko mwenziwe.

Je, kila fundi achague ulio mgumu? Sivyo, na hapa ndipo mtu akosapo. Mahali pasipo hewa, kama huko juu zipitapo setilaiti, utando ule mgumu hung'ang'ania kitu unachosuguana nacho, kwa kuwa chembe za usoni pake zatafuta mwenzi wa kushikana naye. Katika hewa yenye unyevu, maji huzifunika chembe hizo, nao huteleza vizuri. Ule wenye haidrojeni ni kinyume chake. Katika nitrojeni kavu, nguvu ya kuburuta mzigo yaweza kupungua hata chini ya sehemu 1 ya 100 ya uzito wake; unyevu uingiapo, nguvu hiyo yaweza kupanda mara 10.

Kuna na hatari nyingine, ambayo sisi twaiona kubwa kuliko zote: utando mgumu mno huwa na mbano mkubwa ndani yake ukabanduka. Kwa hiyo mafundi hutanguliza tabaka jembamba la kromu lipate kuushika. Wasipofanya hivyo, vipande vilivyobanduka huingia kati ya vyuma, vikavila kama mchanga.