Kikao Huanzia Wapi? Kuhusu Kuhifadhi Takwimu za Mazungumzo ya Chatiboti Katika Kibera na Kawangware

Tangu Joseph Weizenbaum alipoitangaza programu yake ya ELIZA huko Marekani mwaka 1966, mazungumzo baina ya mtu na kompyuta yamekuwa yakichunguzwa na wanasayansi wa kompyuta zaidi kuliko wanaisimu. Leo chatiboti, yaani programu inayomjibu mtu kwa maandishi, imo katika simu za wananchi wa kawaida. Shirika la Jacaranda Health, ambalo huwapelekea akina mama wa Kenya ujumbe mfupi kwa huduma yake iitwayo PROMPTS, lilitoa mwaka 2023 modeli ya lugha ya UlizaLlama, iliyoandaliwa kwa Kiswahili. Makala haya hayakusudii kuchunguza namna programu za aina hiyo zinavyojibu. Yanakusudia kueleza lile linalofuata baada ya jibu: mazungumzo yakiisha, hugeuzwaje kuwa takwimu, na takwimu hizo husema nini juu ya lugha ya watu walioyafanya?

Kazi hii hufanywa kwa maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo mtu huyaazima badala ya kuyatunga upya. Inayotumika sana ni pandas, iliyoanzishwa na Wes McKinney mwaka 2008 kwa lugha ya Python. Maktaba hii hupanga data katika jedwali la mistari na safu. Mwenye kuitumia kwa takwimu za chatiboti aghalabu hukipa kila kikao mstari mmoja, na katika safu huandika namba ya mtumiaji, wakati wa kuanza, wakati wa kuisha, idadi ya semi, lugha, na kama kikao kilifaulu au kilikatizwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kikao katika Kiswahili kina mwenyekiti. Hufunguliwa na kufungwa, na waliohudhuria wanajua kuwa kimefungwa. Kikao cha kompyuta hakifungwi na mtu. Hufungwa na kimya. Google Analytics, kwa mfano, hukata kikao baada ya dakika 30 za kimya, isipokuwa mwenye huduma akibadili kipimo hicho. Kwa hiyo kikao hakiokotwi katika data kama jiwe njiani. Hutengenezwa na yule aliyechagua dakika.

Wakazi wa Kibera hawahitaji kuelezwa kwa urefu maana ya jambo hili. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070 katika mtaa wao, ilhali makadirio yaliyokuwa yakinukuliwa kabla ya hapo yalifika hata milioni moja. Kabla ya kuhesabu, mtu hana budi kusema anachohesabu kinaanzia wapi na kuishia wapi.

Na tuchukue mfano, ambao tumeutunga wenyewe. Mama mmoja wa Gatwekera, Kibera, anaiandikia chatiboti ya afya saa moja na dakika kumi usiku: “Niaje, kliniki ya watoi huopen saa ngapi kesho?” Anajibiwa: “Kliniki hufunguliwa saa mbili asubuhi.” Hapo bando inamwishia. Anatafuta pesa, anakwenda kibandani, anarudi baada ya dakika 50 na kuandika: “Poa. Na ni bure?” Chatiboti inajibu: “Samahani, sijaelewa.”

Jedwali litaonyesha vikao viwili. Cha kwanza kimeandikwa kuwa kilikatizwa, kwa kuwa mtumiaji aliondoka bila kuaga. Cha pili kimeandikwa kuwa kilishindikana. Mchanganuzi aliye mbali na Nairobi ataona neno “poa” katika kikao kilichoshindikana, na “watoi” katika kile kilichokatizwa, naye atakata shauri kwamba Sheng ndiyo inayoikwaza mashine. Huenda akapendekeza watumiaji wahimizwe kuandika Kiswahili sanifu, au huduma irudishwe katika Kiingereza. Lakini swali la Sheng ndilo lililojibiwa vyema! Lililoshindikana ni “Na ni bure?”, maneno ambayo mwalimu wa shule hangeyasahihisha. Lilishindikana kwa sababu programu ilikwisha kukifunga kikao na kusahau kuwa mazungumzo yalihusu kliniki. Kosa ni la dakika 30, na lawama imebebeshwa lugha ya mama yule.

Safu ya lugha nayo ina matatizo yake. Kibera kuna Kinubi, Kijaluo, Kiluhya, Kikamba na lugha nyingine. Kawangware Kiluhya na Kikuyu husikika kila kona. Na juu ya zote kuna Kiswahili na Sheng, ambayo yenyewe hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Orodha ya kimataifa ya ISO 639-3 inaipa Kinubi alama ya kcn, na Kiswahili alama ya swa, ambayo chini yake kuna swh na swc, hii ya mwisho ikiwa ya Kiswahili cha Kongo. Sheng haina alama yake. Programu ikilazimishwa kuchagua itaandika swa, au en, au “haijulikani”, na hili la mwisho ni ajabu, kwa lugha ambayo Abdulaziz na Osinde waliiandikia makala mwaka 1997.

Hata alama ingekuwapo, kuibandika kwenye kikao kizima ni kosa. Litazame neno “huopen”. Kiambishi hu- cha mazoea ni cha Kiswahili; mzizi ni wa Kiingereza; na “watoi” iliyo jirani yake ni ya Sheng. Carol Myers-Scotton, katika kitabu chake Duelling Languages cha mwaka 1993, alitumia data ya Nairobi kuonyesha kwamba katika usemi wa namna hii lugha moja hutoa kiunzi cha sarufi na nyingine huchangia maneno. Nadharia hiyo ina wapinzani wake, lakini kwa mtunga jedwali inafaa sana: badala ya safu moja ya lugha kwa kikao, kila usemi upewe safu mbili, moja ya lugha ya kiunzi na moja ya lugha zilizochangia. Usemi wa mama yetu utakuwa na kiunzi cha Kiswahili, pamoja na michango ya Sheng na Kiingereza. Maandishi asilia yabaki kama yalivyo, tahajia yake isiguswe.

Kutokana na hayo, umbo tunalolipendelea ni hili: kinachohifadhiwa kiwe ni usemi, mstari mmoja kwa kila usemi, pamoja na wakati wake, kikao kisihifadhiwe kamwe, bali kikokotolewe kila kinapohitajika, huku idadi ya dakika za kimya ikitajwa waziwazi. Ukikokotoa mfano wetu kwa dakika 30 utapata vikao viwili. Kwa dakika 60, kimoja. Tofauti hiyo yenyewe ni habari.

Wakati uandikwe pamoja na tofauti ya saa tatu iliyopo kati ya Nairobi na saa ya dunia. Bila hivyo, ujumbe wa saa nane za usiku wa kuamkia Jumanne utahesabiwa kuwa wa Jumatatu. Vilevile saa mbili ya Mswahili isigeuzwe kuwa saa nane yake.

Alama za kuridhika zinataka uangalifu pia. Watu kumi wakiulizwa, na wanne tu wakajibu 5, 4, 5 na 4, wastani wao ni 4.5. Pandas huziruka nafasi tupu ikitafuta wastani. Lakini mtu akizijaza sifuri ili jedwali lipendeze, wastani huporomoka hadi 1.8. Asiyejibu hakusema kuwa hakuridhika.

Imebaki safu ya mtumiaji. Namba ya simu ni data ya mtu binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo hugeuzwa kuwa alama isiyosomeka kabla ya uchanganuzi. Hata hivyo alama hiyo haimwakilishi mtu. Simu moja katika chumba kimoja cha Kawangware yaweza kutumiwa na mama asubuhi, na bintiye baada ya shule, na jirani aliyeiazima jioni, kila mmoja kwa lugha yake. Jedwali litamwona mtu mmoja anayebadili lugha mara tatu kwa siku. Safu hiyo iitwe “laini”.